Ni kiburi, au sukari imeshuka?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 9 na ana kisukari cha aina ya kwanza, mwaka na miezi miwili sasa. Anachoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na jioni. Ni mtoto mpole, hata majirani wanajua. Lakini kuna siku anageuka kama si yeye. Jumamosi iliyopita, karibu saa sita mchana, dada yake alimwambia asogee apishe ufagio. Akamrushia kikombe, akampiga ngumi mgongoni. Mimi akaniambia, "Sikupendi, wewe si mama yangu." Nilipompima baadaye, akiwa analia, ilikuwa 2.9. Akanywa chupa ya soda, akalala. Alipoamka akauliza kwa nini dada kanuna. Shuleni amechapwa mara mbili kwa kiburi, zote kabla ya chakula cha mchana. Bibi yake anasema namdekeza kwa sababu ya ugonjwa. Je, sukari inaweza kumfanya mtoto awe hivi? Nimwadhibu au nimwache? Na si afadhali niiache sukari iwe juu kidogo ili atulie? – Mama Junior, Morogoro

JIBU: Mama Junior, hiyo 2.9 imeshajibu nusu ya swali lako. Kwa mtoto mwenye kisukari tunasema sukari imeshuka ikiwa chini ya 3.9 (namba zote hapa ni za milimoli kwa lita, mmol/L). Ikifika chini ya 3.0 hatusemi tena imeshuka kidogo, maana hapo ubongo wenyewe umeanza kukosa chakula. Kwa dakika zile Junior alikuwa mgonjwa kama mtoto mwenye homa kali anayeweweseka, na sijawahi kuona mzazi anamchapa mtoto kwa maneno aliyoweweseka nayo. Shida ni kwamba homa unaigusa kwa kiganja pajini. Sukari iliyoshuka haina joto. Inakuja imevaa sura ya utovu wa adabu.

Nikueleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa utamtazama tofauti. Ini lina ghala lake la sukari, misuli nayo ina akiba. Ubongo hauna ghala la maana. Ni kibarua anayekula cha siku hiyo hiyo: damu isipoleta, unalala njaa. Na ubongo wa mtoto ni mlaji. Kwa mtu mzima unatumia kama asilimia 20 ya nishati ya mwili mzima. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi unapita asilimia 40. Huenda ndiyo sababu mojawapo watoto huonyesha kushuka kwa sukari kwenye tabia kuliko sisi wakubwa.

Mwanzoni mwili hupiga kengele. Humwaga adrenalini, ile ile inayotutoka tukikutana na nyoka njiani. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka, njaa inauma, na juu ya hayo yote inakuja hofu isiyo na sababu. Mtu mzima akijisikia hivyo hujiuliza mara ya mwisho alikula saa ngapi. Mtoto humtazama aliye mbele yake. Junior alimwona dada ameshika ufagio, basi hofu yake yote ikapata wa kumwangukia. Sukari ikizidi kushuka, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotuzuia kusema kila linalotujia mdomoni, nayo hulegea. Hapo ndipo "sikupendi" inapotoka, na kikombe kinaporuka.

Si ugunduzi wa jana. Madaktari wa Toronto walioanza kuwatibu watu kwa insulini mwaka 1922 waliliona mapema: pamoja na jasho na kutetemeka, waliandika juu ya wasiwasi, kuhamaki na kuchanganyikiwa kwa wagonjwa. Tunalisahau kwa sababu kwenye mabango ya kliniki amechorwa mtoto anayetoka jasho. Hajachorwa mtoto anayetukana.

Wala si wote wanaokuwa wakali. Kuna wanaolia kwa jambo dogo, penseli imevunjika ncha basi ni msiba. Kuna wanaocheka ovyo. Kuna wanaokaa kimya, macho yametua mahali, ukiwaita wanachelewa kugeuka. Hao wakimya ndio wanaonitia hofu zaidi: hakuna anayewachapa, lakini pia hakuna anayewapima.

Mimi mwenyewe nimewahi kudanganyika, tena nimevaa koti jeupe. Kliniki ilikuwa imejaa, foleni imefika saa saba mchana. Akaingia binti wa miaka 11. Kila nikimuuliza ananijibu "sijui", "sitaki", huku anachora pembeni ya daftari lake la sukari kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nikaanza kumpa somo la heshima kwa wakubwa. Nesi niliyekuwa naye hakusema neno. Alikishika kidole cha binti, akakitoboa, kisha akanigeuzia mashine: 2.6. Alikuwa amechoma insulini alfajiri akapanda basi, hakula kwa kuogopa kutapika njiani. Tukamkorogea maji ya sukari. Baada ya kama nusu saa akalitazama daftari lake, akauliza, "Nani kaliharibu?" Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo Junior alipouliza kwa nini dada kanuna, hakuwa anajifanya. Ubongo ulioshinda njaa hauandiki kumbukumbu vizuri. Wengine hukumbuka vipande tu, wengine hawakumbuki kabisa.

Sasa tazama saa. Ile insulini ya mchanganyiko, yenye rangi ya maziwa, ina mbili ndani yake. Ya haraka hufanya kazi zaidi kati ya saa 2 na saa 4 baada ya kuchoma. Ya polepole huanza kushika kasi kuanzia saa ya 4 na kuendelea. Ukimchoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi kuanzia saa tatu mpaka saa saba mchana zinapokezana kumvuta chini. Ongeza mchakamchaka wa asubuhi, na uji wa saa nne ambao pengine haunywi kwa kuwa foleni ni ndefu na anataka kucheza. Viboko vyote viwili vimeangukia saa hizo, na kikombe cha Jumamosi pia. Kiburi hakiangalii saa namna hiyo.

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa uifanyie kazi kuliko zote, maana ukiizuia sukari isishuke, nusu ya haya maswali ya adhabu yanakufa yenyewe. Mpe kitu cha kula saa nne bila kukosa, hata kama ni ndizi moja au kipande cha mkate begini, na siku ya michezo umwongezee. Kwa siku saba, andika kwenye daftari saa aliyochomwa, saa aliyokula na sukari ya saa tano. Kama stripu za kupimia ni za kuhesabu, kama ilivyo kwa wengi, acha kupima jioni moja moja uzihamishie saa hizo. Kisha mpelekee daktari wake. Yuniti zake za insulini huenda zinahitaji kupunguzwa, au aina ya insulini kubadilishwa, lakini usipunguze kwa kukisia peke yako. Na usisubiri tarehe ya kliniki, namba 2.9 ni sababu tosha ya kupiga simu au kwenda kesho.

Nirudi kwenye ile Jumamosi, kwa sababu kuna jambo limenishtua kuliko kikombe. Uliandika, "akanywa chupa ya soda, akalala." Mama Junior, asilale. Mtoto akishuka, akanywa, lazima umpime tena baada ya dakika 15 kabla hajafumba macho. Kama bado iko chini ya 3.9, anakunywa tena. Mtoto aliyelala kwa kuridhika na mtoto anayezama wanafanana ukiwatazama kutoka mlangoni.

Na chupa nzima ni nyingi mno. Kipimo cha mtoto ni karibu gramu 0.3 za sukari kwa kila kilo ya uzito. Junior akiwa na kilo 25 hivi, ni gramu 7 au 8: vijiko viwili vya chai vya sukari, vya kusawazisha si vya kilima, vilivyokorogwa kwenye maji kidogo. Kwa soda ya kawaida ni robo chupa tu. Ile isiyo na sukari haisaidii kitu. Chupa nzima inampandisha mpaka 15 au zaidi, na jioni utakuwa na mtoto mwingine mwenye kisirani, safari hii kwa sukari iliyozidi. Chokoleti na maandazi hazifai kwa dakika hizo, mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Akishapanda, na kama chakula kiko mbali, ndipo umpe mkate au uji wa kumshikilia.

Lakini mzazi yeyote aliyewahi kufanya hivi anajua kwamba vijiko si kazi. Kazi ni kumfanya anywe. Mtoto aliyeshuka hujibu "sitaki" kwa kila kitu, hata kwa kitu anachokitaka. Usimuulize swali. "Unajisikiaje?", "Umekula shuleni?", "Kwa nini umempiga dada?" Kila swali ni kazi kwa ubongo wenye njaa, na kila kazi inaongeza hasira. Kaa chini, uwe sawa na macho yake au chini kidogo. Ongea polepole, maneno machache na yale yale kila siku: "Kunywa kwanza. Tutaongea baadaye." Akipiga teke, sogeza vyombo, usimkumbatie kwa nguvu. Watoto wengine hukikubali kikombe kutoka kwa mtu yeyote isipokuwa mama. Kama bibi au dada yupo, mpishe. Kama stripu zimeisha na dalili unazijua, mpe sukari bila kupima. Kumpa sukari mtoto aliyekuwa na 8 kutaharibu mchana mmoja. Kutompa mwenye 2.5 ni hatari.

Akilegea asiweze kumeza, au akianza kutetemeka mwili mzima kama degedege, usimmiminie kitu mdomoni na usimchome insulini. Mlaze ubavu. Chukua sukari kijiko kimoja cha chai, idondoshee maji tone moja au mawili, iweke chini ya ulimi wake, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo. Nalisema waziwazi kwa sababu bado kuna nyumba ambamo degedege la aina hii hufikiriwa ni mashetani, na saa nzima ikapotea kwenye ubani na kombe. Wanaotaka kusoma dua wasome, ila wasome garini.

Baada ya namba kupanda, watu wengi hudhani mambo yameisha. Hayajaisha. Damu inapata sukari kwa dakika 15, lakini fikra na hisia huchelewa kurudi, mara nyingi nusu saa hadi dakika 45, wakati mwingine zaidi. Katika muda huo atakuwa na namba nzuri na bado ana machozi, kichwa kinauma, amechoka kama aliyetoka shambani. Huo si wakati wa mahojiano, si wa mtihani wa hesabu, na si wa kuitwa ofisini kwa mwalimu.

Sasa adhabu. Hapana, usimwadhibu kwa aliyoyafanya sukari ikiwa 2.9. Lakini simaanishi umwache tu, na hapa bibi yake ana hoja, ingawa ameishika kwa upande wa makali. Mtoto ambaye kila akipiga mtu anaambiwa "si wewe, ni sukari" hujifunza mambo mawili mabaya: kwamba mwili wake una mtu mwingine ndani asiyeweza kuzuiwa, na kwamba maumivu ya dada hayahesabiki. Ngoja saa moja ipite, ale, atulie. Kisha mwambie kwa ufupi kilichotokea, bila kumsomea orodha ya maneno yote aliyosema. Ile "wewe si mama yangu" imeze wewe, ni ya kwako. "Sukari ilishuka. Ulimrushia dada kikombe, kikamuumiza. Twende tukamwone." Aende akamwambie pole, amsaidie kuokota vipande au kumalizia kufagia. Inatosha. Kusahihisha jambo si sawa na kulipia kosa, na watoto wanaijua tofauti hiyo kuliko sisi.

Na huyo dada, tafadhali. Barua yako imemtaja mara mbili tu: mara amepigwa, mara amenuna. Ndugu za watoto wenye kisukari hubeba mengi: wao ndio hutumwa dukani mbio, wao huambiwa "mwangalie mdogo wako", na sukari ikishuka wao ndio wa kwanza kupigwa. Mweleze yeye peke yake kinachotokea kichwani mwa Junior. Mpe ruhusa ya kuondoka chumbani akiona dalili, aje akuite, asibaki kupigana. Na mruhusu akasirike.

Kuhusu shule, nenda mwenyewe, usitume barua tu. Mara nyingi mwalimu anayechapa hajui, hana ubaya. Mwombe akupe dakika tano na umwambie hivi: "Mwanangu akianza kujibu vibaya kati ya saa nne na saa saba, naomba kwanza anywe maji ya sukari yaliyo begini mwake, halafu nipigie simu." Usimpe somo la kisukari zima, atakumbuka sentensi moja. Acha pakiti ya glukosi ya unga kwa mwalimu wa darasa na nyingine kwa mwalimu wa zamu. Na asiruhusiwe kwenda peke yake ofisini au chooni akiwa ameshuka. Mwalimu amtafutie rafiki mmoja wa kutembea naye. Kuhusu viboko vyenyewe, mtoto akichapwa kwa dalili ya ugonjwa anachojifunza ni kuificha. Nimewaona wa miaka 13 wanaotetemeka chini ya dawati wakijifanya wanafunga kamba za viatu.

Swali lako la mwisho, kuiacha iwe juu ili atulie, linaulizwa na karibu kila mzazi, ila wengi wanaliuliza kwa vitendo: wanapunguza yuniti kimyakimya, na kliniki tunaliona kwenye kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Sikulaumu. Hofu ya sukari kushuka ni kubwa kiasi kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliitengenezea dodoso lake maalumu mwaka 1987, na mpaka leo linatumika. Anayemkuta mtoto wake amelowa jasho usiku hasahau haraka. Lakini utulivu unaoutafuta huko juu haupo. Mtoto anayeishi kwenye 14 na 16 ana kiu, anakojoa usiku kucha, amechoka, ana hasira za kichini chini, darasani haelewi. Zaidi ya hapo, mwili unaizoea ile sukari ya juu. Akishushwa mpaka 6, ambayo ni nzuri kabisa, kengele inalia kana kwamba yuko 3. Utapata vurugu zile zile kwa namba isiyo na hatari, huku mishipa na figo vikiendelea kuumia. Lengo libaki kati ya 4 na 10 kwa sehemu kubwa ya siku, na kinga ya kushuka iwe kula kwa wakati na dozi iliyorekebishwa.

Usiku nao una yake. Akicheza mpira jioni, sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye akiwa usingizini. Shuka limelowa jasho, anapiga kelele za ndoto, anaamka na kichwa kinauma na haongei na mtu: siku kama hizo mpime mara moja saa nane usiku, uone.

Na tahadhari moja upande wa pili. Ukishajifunza haya utaanza kuiona sukari kila mahali. Junior atakasirika kwa kuwa mwenzake amemwibia goli, na wewe utamjibu, "Hebu njoo nikupime." Mara moja si neno. Mara kumi, utakuwa umemnyang'anya haki ya kukasirika. Nilikuwa na kijana kliniki aliyeniambia, "Nikilia nyumbani naletewa mashine, siletewi mtu." Kama namba ni 7 na ana hasira, basi ana hasira, msikilize, na kama amevunja adabu, mrekebishe kama ungemrekebisha dada yake. Neno "sukari" lisiwe tusi la kumnyamazisha. Watakuwepo pia siku za ujanja, anajilegeza ili apate soda; pima, ucheke naye, na tangu hapo dawa ya kushuka iwe maji ya sukari, yasiyo na ladha ya sherehe.

Ukiona huzuni inabaki hata namba zikiwa nzuri, wiki mbili zimepita hataki kucheza wala kula, anajitenga, anaficha sindano, au anasema maneno ya kutamani kufa, hilo halihusu tena kushuka kwa sukari saa sita mchana. Mlete siku hiyo hiyo na umwombe daktari akukutanishe na mshauri au afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Watoto wenye kisukari hupata sonona kuliko wenzao, na inatibika.

Kwa sasa, muulize Junior, siku akiwa mzima na tumbo limeshiba, sukari ikishuka huwa anahisi nini kabla ya yote. Usimwekee maneno mdomoni. Kliniki kwangu yuko anayesema "miguu ya uji", yuko anayesema nzi wameingia kichwani, na mmoja husema tu kwamba watu wote wanaanza kuongea kwa sauti kubwa. Neno atakalokupa liandike ukurasa wa kwanza wa daftari lake la sukari, dada alijue, bibi alijue, mwalimu alijue. Akilitamka, hata katikati ya ugomvi, kikombe kije kwanza.